Gauni la Fisi

Kizota, pale Dodoma penye gereji na viwanda vidogo, kila mtu ana kelele yake. Mchomeleaji ana yake, seremala ana yake, na mafundi wa magari wana mbili: ya nyundo na ya midomo. Lakini ukisikia kitu kinatafuna gogo kama mzee mwenye meno yote anavyotafuna mfupa wa mbuzi, ujue umefika uwanja wa Mzee Ramniklal. Na usishangae ukimkuta anayekilisha hicho kitu ni mwanamke. Anaitwa Emiliana. Wanaomheshimu humwita Mama Yohane. Wanaotaka kitu humwita dada Emi.

Mashine yenyewe ni ya kukatakata matawi. Unaingiza tawi la mwarobaini na majani yake na viota vyake, halafu kule juu kwenye bomba linatoka limekuwa vipande vidogo kama mtu alikaa mwezi mzima akilikata kwa kisu. Wakulima wa zabibu wa Mpunguzi huvichukua vipande hivyo wakavitandaza chini ya mizabibu ili udongo usikauke. Siku ya kwanza mashine ilipowashwa, ilikuwa Januari, mvua inanyesha, nchi imepoa. Ikapewa matawi, ikameza. Ikapewa gogo, ikameza. Ikapewa kwa bahati mbaya na kiti cha mlinzi, ikameza bila kuuliza cha nani. Sikudhani, mwanamke wa Kondoa anayesogeza matawi hapo uwanjani, akashika kiuno akasema:

"Huyu si mashine, jamani. Huyu ni fisi."

Jina likaganda hapo hapo. Mlinzi anadai kiti chake mpaka leo.

Sasa, huyu Emiliana hakuzaliwa na mashine mkononi. Ametoka Farkwa, huko Chemba, kwa Wasandawe, watu wenye lugha ile ya kualika ulimi, unagongwa kaakaani ukalia, ambayo msomi wa chuo kikuu akijaribu kuiiga anajing'ata. Baba yake, Mzee Methusela, alikuwa mtu wa asali. Alikuwa na mizinga ya magogo kwenye migunga nyuma ya nyumba, na nyuki wake aliwajua kama wewe unavyowajua wapangaji wako, nani mpole na nani mgomvi.

Emiliana alipokuwa na miaka minane aliona upepo wa kiangazi unavyopuliza vumbi kwenye mzinga wa chini. Akawahurumia nyuki. Akachukua kipande cha blanketi kuukuu, jioni nyuki walipotulia, akaziba mlango wa mzinga vizuri sana, kwa upendo wote, akaacha upenyo mdogo kama wa kupitisha nyuki mmoja mmoja. Siku ya nne masega yalikuwa yamelainika kwa joto yakaanguka, asali inachuruzika kwenye gogo, siafu wanashangilia, nyuki wenyewe wamehama. Mzee Methusela hakumchapa. Aliokota kile kipande cha blanketi, kimelowa asali, akamwonyesha.

"Joto likizidi, wanasimama mlangoni wanapepea na mabawa yao, mwanangu. Ndivyo wanavyopoza nyumba. Wewe umewazibia."

Halafu akacheka mpaka akakaa chini, na kwa miaka mingi nyumbani hapakuwa na Emiliana, palikuwa na Mama Blanketi.

Alipokua alikuja Dodoma mjini, akapata kazi duka la vifaa vya ujenzi la Mzee Ramniklal. Kazi ya kupima misumari. Miaka kumi na mmoja! Misumari ya inchi mbili, ya inchi nne, ya bati, ya kiatu. Alipima mpaka mkono wake ukawa mzani. Unamwambia robo kilo, anachota gizani, unapeleka kwenye mzani, ni robo kilo. Mtu mwenye kipaji hicho kumweka kwenye misumari ni sawa na kumpa ng'ombe wa maziwa kazi ya kulinda mlango. Lakini nani alijua? Yeye mwenyewe hakujua.

Alijua siku ile alipotumwa kupeleka chai uwanjani Kizota, siku ya pili tangu mashine ifike. Kijana aliyeajiriwa kuiendesha alikuwa amesikia inavyonguruma akaaga kwamba anakwenda chooni, na choo hicho kinasemekana kilikuwa Morogoro. Mzee Ramniklal amesimama na ufunguo mkononi kama bwana harusi aliyekimbiwa. Emiliana akaweka chupa ya chai chini.

"Mzee, nijaribu?"

"Wewe? Hii si misumari, Emiliana."

"Naona, Mzee. Misumari haingurumi."

Akawasha. Fisi akanguruma. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Emiliana akasikia kitu kinachomjibu sawa na ukubwa wake.

Basi akampenda. Akampenda vibaya. Alimfuta kila asubuhi kwa kitambaa cheupe. Alijua sauti yake akiwa na njaa na sauti yake akiwa amepewa tawi bichi lenye utomvu. Wakulima wa Mpunguzi walianza kusema wanataka vipande vya Mama Yohane, kana kwamba mti wenyewe anaupanda yeye. Na mwezi wa sita, upepo wa Dodoma ulipoanza, ule upepo mnaoujua, unaochukua vumbi la Kizota kulipeleka Area D na la Area D kulirudisha Kizota, Emiliana akaona vumbi linavyomkalia Fisi wake usoni. Roho ikamuuma.

Akamshonea gauni.

Na lilikuwa gauni kweli! Ndani kitambaa cha chandarua mikunjo miwili, kuzuia vumbi na makapi. Nje kitenge cha bluu chenye kuku wa njano. Pembeni kamba za kufungia, na mbele, pale kwenye rejeta, amedarizi kwa uzi mwekundu: FISI. Nyumbani kwetu kochi linavalishwa, televisheni inavalishwa, hata mtungi wa gesi una sketi yake. Kwa nini Fisi akae uchi, kazini au usingizini? Kizota nzima ilikuja kuona. Anjelina muuza chai alipiga vigelegele. Mzee Ramniklal alipiga picha akawatumia ndugu zake wote, na kila mteja aliyekuja kununua saruji alionyeshwa gauni kwanza, saruji baadaye.

Mwezi wa tisa Fisi akaanza kuchemsha.

Mara ya kwanza ilikuwa mvuke kidogo. Mara ya pili maji yaliruka. Mara ya tatu, ya nne, wakaacha kuhesabu. Aliitwa fundi Noeli, Mgogo wa hapo hapo, fundi mzuri sana, muulize mwenyewe atakwambia. Noeli alibadilisha gasketi. Fisi akachemsha. Akabadilisha pampu ya maji. Fisi akachemsha. Kila akifika anafungua zile kamba za gauni upande wa injini, anaingiza kichwa chini ya kuku wa njano, anafanya kazi, anatoka, anafunga kamba vizuri asije akamuudhi mwenye gauni.

"Tatizo ni kwao," akasema mwisho, akifuta mikono. "Hii mashine imetengenezwa nchi za baridi. Dodoma mwezi wa kumi, hata kuku anataga yai limechemka. Ataweza wapi?"

"Mbona Januari aliweza?" Emiliana akauliza.

"Januari ni Januari, mtani. Nyie wala asali mnajua nini habari za injini?"

"Na nyie wala mlenda mnajua nini, kama mara tatu umefungua na mara tatu umefunga?"

Sikudhani akacheka. Lakini Jumanne iliyofuata hakucheka mtu. Matawi yamejaa uwanjani kimo cha nyumba, ya miarobaini iliyopogolewa mitaani na ya mizabibu yenyewe, lori la Mpunguzi limekuja mara mbili limerudi tupu, na Fisi saa tano tu asubuhi amesimama anafoka mvuke kama sufuria la pilau. Mzee Ramniklal akaja kwa miguu kutoka kwenye gari lake, polepole, na mtu mzima akitembea polepole namna ile hana habari njema.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Emiliana. Pole na kazi." Akamtazama Fisi, akamtazama yeye. "Mimi wewe nakupenda na mashine naipenda. Lakini hawa watu wa zabibu wanataka kumaliza kutandaza kabla ya mvua. Shemeji yangu yupo Kibakwe, huko milimani kuna baridi. Ameniomba mashine. Jumamosi lori linarudi mara ya mwisho. Rundo hili likiisha Jumamosi, Fisi anabaki. Akichemsha, Jumatatu anapanda gari kwenda Kibakwe."

"Na mimi, Mzee?"

Mzee Ramniklal akakohoa, akatazama pembeni.

"Misumari ipo, Emiliana. Misumari haijakutupa."

Ungemwona Emiliana wakati huo ungedhani amepigwa na huo msumari. Miaka kumi na mmoja ilirudi yote kwa pamoja ikamkalia begani. Aliitika kwa kichwa, akasubiri Mzee aondoke, akakaa kwenye gogo mbele ya Fisi, akamkazia macho kama mke anayemsubiri mume aeleze alikuwa wapi.

Alikaa pale mpaka chakula cha mchana. Maji ya rejeta yalikuwa yameruka yakalowesha gauni lote mbele, na yalikuwa yameshapoa, yanadondoka tone tone kutoka kwenye pindo. Mwezi wa kumi Dodoma hakuna maji ya bure. Mahali popote penye tone, kuna mwenye kiu anayelijua. Nyuki wakaja. Kwanza mmoja, halafu kumi, halafu gauni likawa na nyuki kuliko kuku wa njano. Sikudhani alitupa sahani ya wali akakimbilia getini.

"Mama Yohane! Ondoka hapo! Nyuki!"

"Waache, wanateka maji tu."

"Wanateka? Wana ndoo?"

"Wanapeleka nyumbani. Wanayamwaga humo ndani, halafu wanasimama mlangoni wanape..."

Mdomo ukabaki wazi. Akasimama taratibu, nyuki wakimzunguka kichwani, akalitazama gauni lake zuri. Akalitazama neno FISI kwa uzi mwekundu. Nyuma ya lile neno palikuwa na rejeta, na nyuma ya rejeta palikuwa na feni, na feni kazi yake ni moja tu, kuvuta upepo upite kwenye rejeta uipoze.

Akaalika ulimi mara moja, kwa nguvu, neno la Kisandawe ambalo Sikudhani hakulijua, ila alijua halisemwi kanisani.

"Mama Blanketi," Emiliana akasema. "Nimerudia."

"Umerudia nini? Nani Mama Blanketi? Mama Yohane, umeumwa na nyuki kichwani?"

Alichuma jani moja la mwarobaini kwenye rundo. Nyuki walipokwisha kunywa wakaenda zao, aliongeza maji, akamwasha Fisi bila mzigo, feni ikazunguka vizuri tu, akalishika jani mbele ya gauni, pale ambapo upepo unapaswa kuvutwa. Akaliachia. Jani likaanguka chini kama limekufa. Akaliokota, akaliachia tena. Likaanguka. Feni inazunguka, inalia, inavuta, inavuta nini? Inavuta kitenge.

Akazima. Injini ilipopoa akafungua kamba zote, akalivua gauni. Jamani! Kile kitambaa cha chandarua kilikuwa kimekuwa godoro. Vumbi la Kizota, unga wa mbao na makapi ya mwarobaini vimeshikana tangu mwezi wa sita. Na kilichopenya ndicho kilichofanya uovu zaidi: kimeingia katikati ya vibati vyembamba vya rejeta, kikakutana na mafuta yaliyovuja, kikawa keki. Rejeta ilikuwa ukuta. Fundi Noeli alikuwa amefungua kila kitu cha ndani. Kitu cha nje, kilichoshonwa kwa mapenzi na kupigwa picha, alikuwa anakifunga kamba kwa heshima.

Noeli alipoambiwa alikuja mbio, na kwanza alikasirika, maana hakuna fundi anayependa kushindwa na jani. Halafu akataka kuwa mwokozi.

"Lete pampu ya kuoshea magari! Nipige maji hapo mbele dakika moja!"

"Pampu hiyo inang'oa rangi ya basi," Emiliana akasema. "Vibati hivi ukivipinda vinalala, upepo haupiti tena milele. Halafu ukipiga kutoka mbele unaushindilia uchafu ndani. Umeingilia mbele, utokee mbele."

"Nani kakufundisha?"

"Hata sikio ukilisafisha, fundi, husukumi ndani kinachotoka."

Akachukua maji yenye sabuni na brashi laini ya kufulia viatu, akaingia upande wa feni, akaanza kumwaga taratibu na kusukuma uchafu utoke kule ulikoingilia. Siku nzima ya Jumatano. Uji mweusi ulitoka, ukatoka, ukatoka. Alhamisi akafungua maji ya ndani, akakuta yameacha magamba meupe, maana maji ya kisima cha pale yana chumvi. Birika lolote la Dodoma litakupa ushahidi. Akayamwaga, akasuuza mpaka yakatoka safi, akaenda dukani kwa Mzee Ramniklal mwenyewe kuchukua dawa ya rejeta ambayo ilikuwa kwenye rafu ileile aliyoipangusa vumbi miaka kumi na mmoja. Ijumaa akavitoa visu vya Fisi akavinoa, kwa sababu kisu butu hakikati, kinatwanga, na injini ndiyo inayolipa kwa jasho lake.

Halafu akafanya jambo lililowashangaza wote. Akawaita Sikudhani na wachomeleaji wanne, wakamgeuza Fisi mzima.

"Sasa hii ni kumwelekeza kibla?" Sikudhani akauliza, anahema.

"Upepo unatoka kule, mashariki. Bomba lilikuwa linatema makapi kule kule, yanarudishwa na upepo usoni kwake. Alikuwa anajitemea, mwenzangu. Sasa atatema upepo unakokwenda, na uso wake utapata hewa safi."

Jani la mwarobaini likashikwa mbele ya rejeta, Fisi akanguruma, likaachiwa. Likaruka, likaganda kwenye wavu wa rejeta kama limepigwa gundi. Sikudhani alirusha khanga hewani.

Jumamosi ikafika na watu wake. Kizota hakuna sinema, kwa hiyo mashine ya mtu ikiwa na kesi, tunahudhuria. Lori la Mpunguzi liliegeshwa saa moja asubuhi. Anjelina alihamisha meza yake ya chai mpaka getini. Noeli alikuja na kiti, akakaa kivulini, akakunja nne.

"Nimekuja mazishini," akatangaza. "Mkosi wa mashine hautolewi na brashi ya viatu. Saa saba jua likisimama hapa, mtaona mvuke."

"Na usipoonekana?" Emiliana akauliza, anafunga kilemba.

"Rundo likiisha hajachemsha? Lile gauni la kuku navaa mimi. Natembea nalo barabarani mpaka kwa Anjelina asubuhi ya Jumatatu... hapana, leo leo! Natembea nalo leo."

"Mmesikia?" Emiliana akawauliza watu.

"Tumesikia!" wakaitika, na Anjelina kwa sauti kuliko wote.

Fisi akawashwa. Akala. Saa mbili anakula, saa tatu anakula, visu vilivyonolewa vinakata matawi kama mtu anakata vitunguu. Kishale cha joto kilipanda mpaka katikati kikatulia hapo. Kila baada ya saa moja Emiliana aliinua mkono, Sikudhani anaacha kulisha, Fisi anaachwa angurume polepole bila mzigo, jani linaachiwa, brashi inapita kwenye wavu, kazi inaendelea. Saa tano Mzee Ramniklal alifika, akakataa kiti, akasimama mikono nyuma.

Saa sita watu walikuwa wengi na kelele zilikuwa nyingi, na hapa ndipo Emiliana alipotaka kuharibu. Sifa tamu, bwana. Wanamwita jina lake, wachomeleaji wanaimba, lori linajaa, na saa ya kupumzika ikafika akaipuuza. "Tusukume! Tusukume!" akamwambia Sikudhani. Wakasukuma. Saa sita na nusu. Saa saba. Jua limesimama wima kama askari. Wakaanza kuingiza mizabibu mikavu, ile inayotoa unga kuliko vipande, na upepo, mnafiki mkubwa, ukageuka kidogo.

Kishale kikaanza kupanda.

Noeli ndiye aliyekiona kwanza. Akasimama, kiti kikaanguka.

"Anapanda! Anapanda huyo! Jamani, sogeeni, maji yanakuja!"

Watu wakarudi nyuma. Mzee Ramniklal akatoa mikono mgongoni. Emiliana akakitazama kishale, kimeshakaribia mstari mwekundu, na sikioni akasikia misumari ikimwagwa kwenye mzani, ya inchi mbili, ya inchi nne, ya bati.

"Zima! Mwagia maji ya baridi!" Noeli akapiga kelele.

"Hazimwi wala hamwagiwi!" Emiliana akajibu, juu ya ngurumo zote. "Ukimzima sasa, feni inasimama na joto lote linabaki ndani. Ukimmwagia, chuma kinapasuka. Sikudhani, acha kulisha!"

Sikudhani akaacha. Fisi akashushwa akawa ananguruma polepole, tumbo tupu. Emiliana akachomoa jani kwenye kilemba chake, akalishika mbele ya rejeta. Hata wachomeleaji wa jirani walisimamisha moto. Akaliachia.

Likaanguka.

"Hewa hana," akasema, karibu kama anazungumza na baba yake. Akapiga magoti, akaingiza brashi kwenye wavu, na unga wa mizabibu ukatoka viganja viganja. Alipiga mswaki kama mtu anayempiga mswaki mtoto mkaidi, pembe hii, pembe ile, akiuchomoa uchafu nje. Hakutazama kishale. Alikuwa anatazama wavu. Akamaliza, akachuma jani jingine, akaliachia.

Likaganda.

"Kinashuka!" Sikudhani akalia. "Mama Yohane, kishale kinashuka!"

Kilishuka taratibu, kwa maringo, kama bibi harusi anayeshuka ngazi, mpaka katikati, kikakaa. Emiliana akasubiri dakika tano nyingine bila kugusa kitu, watu wanamhimiza, yeye hasikii la mtu. Halafu akainua mkono. Na tangu hapo, usipime! Aliposema pumzika, walipumzika hata kama wangeshangiliwa na mkoa mzima. Saa nane wakamaliza mizabibu. Saa nane na nusu wakamaliza miarobaini. Saa tisa kasoro Sikudhani alizunguka uwanja mzima anatafuta cha kuingiza, akaona kiti cha Noeli kimeanguka pale chini.

"Fundi, hiki bado unakitumia?"

Noeli alikiwahi akakikumbatia. Uwanja ukavunjika kwa kicheko. Lori la Mpunguzi lilikuwa limejaa mpaka linafungwa kamba, na pale rundo lilipokuwa paligundulika kuna ukuta ambao watu walikuwa wameshausahau. Fisi akaachwa angurume bure dakika chache apoe kwa heshima zake, kisha akazimwa. Hakutoa hata mvuke wa kupashia chai.

Mzee Ramniklal akatoa simu, akampigia shemeji yake wa Kibakwe, hapo hapo mbele za watu.

"Shemeji, ile mashine... hapana. Haiji. Nasema haiji. Ina mwenyewe."

Halafu akamgeukia Emiliana akampa mkono, na mkono wa Emiliana ulikuwa mweusi wa makapi mpaka kiwikoni, na Mzee hakuupangusa wake baadaye.

Noeli alikuwa anajivuta pembezoni mwa ukuta kuelekea getini. Anjelina akamzibia njia kwa meza.

"Fundi! Unakwenda wapi uchi?"

Akaletewa gauni. Lilikuwa limefuliwa, limeanikwa, limepigwa pasi, kuku wa njano wanang'aa. Noeli mtu wa neno lake, hilo tumpe. Alisimama akavishwa, kamba zikafungwa mgongoni, FISI kwa uzi mwekundu ikakaa kifuani. Akatembea barabarani, wachomeleaji nyuma yake wanapiga mabati, bodaboda wanapiga honi, mpaka mahali pa meza ya Anjelina pa siku zote, na kurudi. Njiani alisimama mara moja tu, akajipepea.

"Mtani," akasema, jasho linamtoka, "hili gauni lina joto!"

"Mwulize Fisi," Emiliana akamjibu.

Gauni halikutupwa. Kila jioni, injini ikishapoa kabisa, Fisi huvalishwa alale nalo, vumbi lisimkalie. Asubuhi anavuliwa kabla ya ufunguo kuguswa, na Emiliana hufungua kamba ya kwanza yeye mwenyewe. Mafundi wa Kizota sasa utawakuta na jani la mwarobaini mfukoni, wanaliachia mbele ya rejeta za malori na majenereta, na Noeli anawaambia wateja wa mbali kwamba ni utaalamu wake. Emiliana anamsikia, anaalika ulimi tu, anaingiza tawi jingine.

Misumari anapima Mzee Ramniklal mwenyewe. Ameshajichoma mara mbili.